Baada ya leseni, nani anamkagua daktari wa mtoto wako?

Ukizunguka wodi za watoto katika hospitali za kaunti nchini Kenya, hukosi kukiona: kijitabu kidogo kinachoingia kwenye mfuko wa koti jeupe, pembe zimejikunja, kurasa za uzito na vipimo vya dawa zimechakaa kuliko nyingine zote. Ni mwongozo wa Wizara ya Afya wa kuwatibu watoto walio mahututi. Mtoto wa miezi minane aliyeharisha hadi macho yakaingia ndani na kunywa kukamshinda ameandikiwa humo mililita 100 za maji ya Ringer kwa kila kilo ya uzito wake: 30 za kwanza ziingie kwa saa moja, 70 zilizosalia kwa saa tano. Dada yake wa miaka miwili mwenye hali hiyohiyo apewe 30 kwa nusu saa, na 70 kwa saa mbili na nusu. Aliye zamu saa nane za usiku halazimiki kuvuta kumbukumbu za darasani. Anafungua ukurasa, anampima mtoto, anazidisha, anaweka dripu.

Nimeanza na kijitabu hiki kwa sababu wazazi wakitaka kujua ubora wa daktari wa mtoto wao huuliza mambo mawili: ana leseni? Ni bingwa? Ni maswali ya haki kabisa. Swali la tatu hawaliulizi kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba lipo: daktari huyu yumo katika kundi gani la wenzake, na kundi hilo linamfuatilia vipi baada ya kukabidhiwa vyeti vyake? Nimelifuata suala hili kwa muda, na nimeamini kwamba hili la tatu lina uzito kuliko tunavyolipa.

Leseni kwanza. Kijana anayeingia shule ya udaktari nchini Kenya husoma miaka sita. Akifaulu, bado hapewi leseni kamili. Hupewa ya muda na kupelekwa hospitali iliyoidhinishwa kufanya uanagenzi wa mwaka mmoja: miezi mitatu hivi katika wodi ya watoto, mingine kama hiyo kwa akina mama wajawazito, kwa upasuaji, na kwa magonjwa ya ndani ya watu wazima. Wasimamizi wakitia sahihi kwamba amefaa, ndipo Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, linapoliandika jina lake katika daftari la madaktari wa nchi. Chombo hiki kilikuwa kikiitwa bodi hadi mwaka 2019, sheria ilipokigeuza kuwa baraza. Baada ya kusajiliwa, leseni ya daktari huhuishwa kila mwaka, na kuihuisha lazima aonyeshe kwamba amekusanya alama za mafunzo endelevu.

Hebu rudi kwenye ile miezi mitatu. Ukiacha aliyoyaona akiwa mwanafunzi, huo ndio muda wote ambao daktari aliyesajiliwa karibuni amebeba dhima ya watoto wagonjwa kwa mikono yake. Kesho yake anaweza kupangwa katika hospitali ya kaunti ndogo ambako yeye ndiye mkubwa wa zamu. Na mara nyingi anayemwona mtoto kwanza si daktari hata kidogo. Ni afisa wa kliniki, mwenye diploma ya miaka mitatu, ambaye usajili wake uko chini ya baraza jingine kabisa. Sisemi hivi kwa dharau. Vijijini, bila maafisa wa kliniki, watoto wengi wasingeonwa na mtu yeyote.

Leseni basi inamhakikishia mzazi jambo moja: aliye mbele yake si tapeli. Ni jambo kubwa, hasa kwa nchi ambayo habari za madaktari bandia hazikauki magazetini. Haimhakikishii kwamba mtu huyo anajua watoto.

Ndipo unakuja ubingwa. Daktari anayetaka kuwa bingwa wa watoto hurudi chuoni kusoma shahada ya uzamili ya tiba na afya ya watoto, miaka mitatu au minne kutegemea chuo: Nairobi, Moi, Aga Khan na vinginevyo. Anahudumu wodini, anafanya utafiti na kuandika tasnifu, anasimama mbele ya watahini kando ya kitanda cha mtoto asiyemjua na kueleza ameona nini. Chuo hutoa shahada. Baraza ndilo huamua kama jina litaingia kwenye orodha ya mabingwa. Atakaye kwenda mbali zaidi, awe mtaalamu wa moyo wa watoto, wa figo au wa watoto wachanga, anaongeza miaka mingine juu ya hiyo.

Marekani njia hizi mbili zimetenganishwa wazi, na kuitazama kunatusaidia kuelewa ya kwetu. Leseni ya daktari hutolewa na jimbo, baada ya mitihani ya kitaifa na muda wa mafunzo hospitalini. Ubingwa hautolewi na serikali wala chuo. Hutolewa na bodi ya wataalamu wenyewe, American Board of Pediatrics, iliyoanzishwa mwaka 1933. Daktari humaliza miaka mitatu ya mafunzo ya watoto, kisha hufanya mtihani wa bodi. Akishindwa, leseni yake ya jimbo haiguswi na sheria inamruhusu kuendelea kutibu. Ila hospitali nyingi na kampuni za bima zitamwuliza cheti kiko wapi. Kwetu, chuo kinachomfundisha daktari ndicho hichohicho kinachomtahini, ingawa huwaalika watahini kutoka nje. Madaktari wa upasuaji wa ukanda wetu walikwisha kuona ugumu wa mpango huo: chuo chao cha kikanda, COSECSA, kilichoanza mwaka 1999, huwafunza mabingwa hukohuko hospitalini wanakofanya kazi, kisha huwatahini wote kwa kipimo kimoja, wawe wametoka Kenya, Malawi au Ethiopia.

Kuna tofauti nyingine inayouma zaidi, nayo ni fedha. Daktari anayesomea ubingwa Marekani ni mwajiriwa. Hospitali humlipa mshahara, na sehemu kubwa ya gharama hiyo hutoka serikali kuu. Kenya, yeye ni mwanafunzi anayelipa karo. Aliyeruhusiwa masomoni na kaunti au Wizara huku mshahara wake ukiendelea ana nafuu. Aliyejilipia mwenyewe hufanya kazi ileile, usiku uleule, katika hospitali kuu za rufaa, bila malipo. Ni yeye anayepokea mtoto mwenye degedege saa tisa za usiku, ni yeye anayetafuta mshipa kwenye mkono wa mtoto wa kilo moja na nusu, na asubuhi ni yeye anayepiga simu nyumbani kuuliza nauli imepatikana. Nchi inayosema inataka mabingwa wengi wa watoto haiwezi kuwafanya wao ndio wafadhili wa wodi zake.

Wanagenzi nao wameonja hayo. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2024 uliodumu siku 56, kuanzia Machi hadi Mei, ulichochewa kwa sehemu kubwa na wao: mkataba wa mwaka 2017 uliwapa shilingi 206,400 kwa mwezi, serikali ikasema ina uwezo wa kulipa 70,000. Ilichukua hadi mwisho wa Desemba mwaka huo kukubaliana kwamba mkataba ufuatwe. Katika miezi hiyo yote wapo waliohitimu na kukaa nyumbani wakisubiri kupangiwa hospitali. Hawakuwa na leseni kwa sababu leseni haiji bila uanagenzi, na uanagenzi haukuwa na fedha.

Sasa nieleze kwa nini nasema leseni na ubingwa, hata vikipatikana bila machozi, havitoshi.

Kwa miongo mingi vitabu vya tiba vilifundisha kwamba mtoto aliyefika hospitalini akiwa na homa kali, mikono na miguu baridi, mapigo ya moyo yanaenda mbio na fahamu zinapotea, amiminiwe maji mengi ya mshipa kwa haraka ili kuinua mzunguko wa damu. Ndivyo ilivyofanywa Ulaya na Marekani, ndivyo watahini walivyouliza, ndivyo madaktari wetu walivyojibu na kufaulu. Kisha watafiti wakiongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi waliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifanyia jaribio la kweli kwa watoto wa Afrika: je, inasaidia? Jaribio hilo, lililojulikana kwa jina la FEAST, lilifanyika katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwemo Teule ya Muheza. Watoto 3,141 waligawanywa: wengine wakamiminiwa maji haraka, wengine wakatibiwa bila kumiminiwa. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2011 yaliwatikisa madaktari duniani kote. Ndani ya saa 48, katika kila watoto 100 waliomiminiwa maji walikufa kati ya kumi na kumi na mmoja. Kwa wale ambao hawakumiminiwa walikufa saba.

Tuwe waangalifu hapa, maana mzazi anaweza kusoma vibaya. Hawa hawakuwa watoto wa kuharisha. Mtoto aliyepungukiwa na maji kwa kuharisha bado anahitaji maji, kwa vipimo nilivyovitaja mwanzoni. FEAST ilihusu watoto wenye homa kali, wengi wao wakiwa na malaria, ambao mzunguko wa damu umedhoofika.

Sasa mfikirie bingwa aliyefaulu mtihani wake mwaka 2009. Leseni yake ya mwaka 2012 ilikuwa halali. Shahada yake ilikuwa ya kweli. Na kitu alichofundishwa kwa nia njema, akakijibu sawasawa mbele ya watahini, kilikuwa kinaongeza vifo. Nani alipaswa kumwambia? Baraza halimtembelei wodini. Chuo kilikwisha kumuaga. Kilichobaki ni wenzake: watu wanaosoma utafiti mpya, wanaokutana kubishana juu yake, wanaouandika upya mwongozo na kuufikisha hadi hospitali ya mbali. Mwongozo wa Kenya ulibadilishwa kufuata ushahidi huo, na mabadiliko ya namna hiyo hayaji yenyewe.

Chama cha Madaktari wa Watoto Kenya, KPA, kilianza mwaka 1968. Mwanafunzi wa ubingwa akiingia huko kwa mara ya kwanza huenda anadhani anajiunga na klabu ya wakubwa wanaokutana kwa kongamano mara moja kwa mwaka. Kazi ya chama iliyo na maana zaidi haionekani kwenye kongamano. Iko kwenye kozi ya ETAT+, ya kumkagua na kumtibu haraka mtoto anayeletwa akiwa mahututi, iliyoandaliwa na Wizara, watafiti wa KEMRI-Wellcome na madaktari wa watoto wa Kenya katikati ya miaka ya 2000, na ambayo leo KPA huiendesha. Chuo Kikuu cha Nairobi kiliiingiza kwenye masomo ya wanafunzi wake wa udaktari. Rwanda na Uganda nazo ziliichukua.

Ndani ya kozi hiyo hakuna nafasi ya kusinzia. Kila mtu anasimama mbele ya mwanasesere wa mpira aliyelazwa mezani na kuambiwa: mtoto huyu amezaliwa sasa hivi, halii, hapumui. Anamkausha, anamfunika, anauweka sawa mkao wa kichwa, anafunika pua na mdomo kwa kinyago, anabonyeza mfuko wa hewa. Kichwa kikiinama kidogo tu kuelekea kifuani, hewa haiingii na kifua hakipandi. Mkufunzi haulizi nadharia, anakitazama kifua. Daktari mwenye shahada mbili anaweza kushindwa hapo, na muuguzi wa zahanati akafaulu. Wote wawili hurudia mpaka kifua kipande.

Je, inaleta tofauti? Hilo nalo lilipimwa. Kati ya mwaka 2006 na 2008 hospitali nane za wilaya nchini Kenya ziliingizwa kwenye utafiti. Nne zilipata mwongozo na mhadhara mfupi. Nne nyingine zilipata mwongozo uleule pamoja na mafunzo kamili ya siku kadhaa, ziara za kufuatilia, taarifa za mara kwa mara juu ya makosa yao, na mtu wa hapohapo hospitalini wa kuwasukuma. Baada ya miezi kumi na minane, watoto katika kundi la pili walikaguliwa vizuri zaidi na kuandikiwa dawa kwa vipimo sahihi zaidi, kwa tofauti kubwa. Kwa hiyo kijitabu kile ninachokipenda, kikiachwa peke yake mfukoni, kinafanya kazi nusu. Kinakuwa na nguvu kikiwa na watu nyuma yake wanaorudi kukuuliza umekitumiaje.

Tangu mwaka 2013 kuuliza huko kumefanywa kuwa kazi ya kudumu katika hospitali kadhaa za kaunti, kupitia mtandao unaoziunganisha hospitali hizo na KPA, Wizara na KEMRI-Wellcome. Mtoto anapolazwa hujaziwa fomu moja inayofanana kote: uzito, joto, anaweza kunywa au hawezi, anaitika kwa sauti, kwa maumivu tu, au haitiki kabisa. Kila baada ya miezi michache hospitali inaletewa picha yake yenyewe. Mafaili mangapi hayana uzito. Watoto wangapi wa malaria waliandikiwa dozi isiyolingana na kilo zao. Daktari wa watoto wa hospitali hiyo hukaa na wenzake wa kaunti nyingine na kujibu. Hakuna leseni inayoweza kufanya hivyo, wala haikuundwa kwa ajili hiyo.

Tena chama kikiwa hai huweza kusema pale ambapo madaktari wengine wamenyamaza. Mwaka 1921 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuyapa majimbo fedha za afya ya mama na mtoto, iliyojulikana kama Sheppard-Towner. Mwaka uliofuata chama kikuu cha madaktari wa nchi hiyo kiliilaani mjini St. Louis, kikiogopa serikali kuingia kwenye tiba. Tawi lake la magonjwa ya watoto, likikutana katika mji huohuo, likaiunga mkono. Wakaonywa kwamba tawi halina ruhusa ya kuwa na msimamo wake. Kutokana na mgogoro huo, mwaka 1930 madaktari 35 walikutana Detroit na kuanzisha chama chao, American Academy of Pediatrics, na miaka mitatu baadaye ikazaliwa ile bodi ya mitihani niliyoitaja. Inafaa wanafunzi wa ubingwa walijue hilo: chama kilitangulia mtihani, na kilianza kwa kuwatetea watoto.

Vyama navyo vina udhaifu wao, na mkubwa wote ni fedha za watengenezaji wa maziwa ya kopo. Kampuni hizo zinajua kwamba neno la daktari wa watoto kwa mama aliyejifungua jana lina thamani kuliko tangazo lolote, na duniani kote zimekuwa tayari kulipia kumbi, chakula na nauli za makongamano. Mwaka 2016 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipokea mwongozo unaovitaka vyama vya wataalamu wa afya visikubali ufadhili huo. Chuo cha kifalme cha madaktari wa watoto cha Uingereza kiliacha kupokea fedha za kampuni za maziwa mwaka 2019, baada ya wanachama wake kushinikiza. Kenya ina sheria ya mwaka 2012 inayodhibiti maziwa mbadala. Mwanachama mpya asione haya kuuliza nani amelipia kiti alichokalia. Chama kisichoweza kujibu hilo hadharani hakina uso wa kumfundisha mama kunyonyesha.

Haya yote yana haraka yake. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba Kenya ilikuwa ikipoteza watoto 52 walio chini ya miaka mitano katika kila 1,000 wanaozaliwa hai. Mwaka 2022 walikuwa 41. Ni hatua ya kujivunia. Lakini katika muda huohuo vifo vya watoto wasiotimiza mwezi mmoja vilitoka 22 hadi 21. Karibu havikusogea. Chanjo na vyandarua vimefanya kazi yao kwa walio wakubwa kidogo. Mtoto mchanga anategemea mikono iliyopo chumbani dakika ya kwanza, na kama mikono hiyo iliwahi kufanyishwa mazoezi mwaka huu au mara ya mwisho ilikuwa chuoni.

Kwa hiyo kwa KMPDC: alama za kuhuisha leseni zitolewe zaidi kwa ujuzi uliopimwa kwa vitendo, na kidogo kwa kukaa ukumbini. Anayetibu watoto, awe bingwa au la, aonyeshe kwamba anaweza kumpa hewa mtoto asiyepumua kabla ya leseni yake kupigwa muhuri tena, na baraza la maafisa wa kliniki lidai vivyo hivyo. Kwa serikali za kaunti: mpeni daktari na muuguzi ruhusa ya kwenda mafunzoni na mshahara wake usikatwe, na walipeni wanaosomea ubingwa kwa kazi wanayowafanyia. Kwa KPA na vyama vya jirani zake: muwachukue wanafunzi tangu mwaka wa kwanza wa ubingwa, kwa ada wanayoiweza, na muwape kazi ya kufundisha wengine.

Na kwako mzazi: daftari la madaktari la KMPDC liko wazi mtandaoni. Andika jina la daktari wa mwanao uone kama amesajiliwa na kama leseni yake ya mwaka huu iko hai. Kisha, kabla ya kuchagua hospitali ya kujifungulia, uliza aliye zamu usiku alifanya mazoezi ya kumpa hewa mtoto mchanga lini kwa mara ya mwisho. Hospitali inayojali watoto itakujibu bila kukasirika.